Uhuru wa Dhahabu

Hermeros, mtumwa mchongaji wa kiwanda cha sarafu cha Roma, aliamka na hasira, na mwenye akili zake asingemlaumu. Kwa mara ya tatu mwaka huo kaisari mpya alikuwa amekalia kiti cha mwenzake aliyeuawa, na kwa mara ya tatu Hermeros aliamriwa kuchonga muhuri wa kupigia dhahabu. Upande mmoja wa sarafu jina la mkubwa na sifa zake. Upande wa pili mungu wa kike ameshika kofia wanayovishwa watumwa walioachwa huru, na kando yake neno moja: UHURU. Makaisari wote watatu waliupenda uhuru, ilimradi ubaki kwenye sarafu.

Lakini kilichomchoma hasa ni ahadi. Msimamizi wao, Lartidius, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa, aliapa kumpeleka Kreste, mke wa Hermeros, kwa hakimu akaguswe fimbo ya uhuru kabla hajajifungua. Mama akiwa huru saa ya kuzaa, mtoto naye huru. Lartidius akapiga danadana. Mara sikukuu, mara hakimu mgonjwa, mara kaisari kauawa. Juzi Kreste akajifungua.

Sasa Lartidius akaingia akitabasamu. "Haya, cheka na wewe! Mkeo ameguswa fimbo leo. Ni huru."

"Na mwanangu?"

"Wa kaisari, kama wewe. Mbona unauliza unachokijua?"

Hermeros akainua nyundo. Lartidius alidhani inamlenga yeye, akarudi nyuma. Nyundo ikashukia muhuri uliokuwa umekamilika, ukapasuka, kofia na mungu wake.

"Una wazimu? Askari wanataka dhahabu yao kesho! Wakiikosa watanichinja!"

"Watakuchinja kweli. Wamekwisha kula makaisari watatu, wewe ni kitoweo tu."

"Nitakuchapa viboko wewe, mshenzi!"

"Nichape. Halafu kaa hapa uchonge. Herufi zinakwenda kinyumenyume, usisahau."

Lartidius akalitazama benchi la pili. Lilikuwa tupu, mchongaji mwenzake Hermeros alipelekwa kaskazini na jeshi. Jasho likamtoka. "Unataka nini, mwanaharamu?"

"Mtoto aguswe fimbo leo. Nimwone nje ya lango na mama yake, ndipo nishike patasi."

"Na wewe hujiombei?"

"Ungeniacha huru?"

"Nikuache, nani atachonga?"

"Basi usiniulize upuuzi."

Alasiri Kreste alisimama nje ya lango, mtoto kifuani, wote wawili huru. Alidhani wamefunguliwa watatu. "Toka basi, baba watoto, twende!" aliita. "Unangoja nini humo?"

Mlinzi alifunga lango, Hermeros akarudi kwenye benchi, akachukua chuma kipya, akaanza kuchonga kofia.