Utafiti Wangu Ulimkamatisha Baba Mdogo

Niseme bila kuzunguka: mimi ndiye niliyemkamatisha baba mdogo, mtu aliyenilea tangu baba yangu afariki. Sikukusudia, lakini hilo linamsaidia nini?

Nasoma shahada ya uhusiano wa kimataifa kwenye chuo kimoja cha binafsi. Nyumbani, kijijini Mabira, hakuna anayejua hasa ni masomo gani. Wao wanajua nitakuwa balozi, basi, nami sikuwasahihisha. Sifa tamu jamani!

Mwaka wa mwisho tukatakiwa kufanya utafiti. Wenzangu wakachagua nchi ambazo hawajawahi kuzikanyaga. Mimi nikajiona mjanja; kwa kuwa mpaka wa nchi uko jirani na kwetu, nikaamua kuandika habari za kahawa inayovushwa kimyakimya kwenda Uganda.

Baba mdogo, ambaye naye huivusha, alinieleza kila kitu tukiwa tumekaa migombani. Njia anayopita, siku za kupita, hata mahali anapopumzika.

"Andika, mwanangu, upate digrii yako," akasema. "Ila mimi nisionekane humo."

Jina lake sikuliandika. Nilimwita mhojiwa wa nne. Lakini nikachora na ramani ya njia yenyewe, mpaka kwenye kivuko cha kijito! Mhadhiri aliisifu mbele ya darasa zima.

Ningeishia hapo. Wapi! Nilipokuja likizo nikapeleka nakala kwenye ofisi moja ya serikali, nikitafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nilitaka wajue kuwa nina akili. Bwana mmoja akaifungua, akaikodolea macho ile ramani.

"Binti, umefanya kazi nzuri sana," akaniambia. Nikatoka pale kichwa kimevimba.

Wiki haikuisha, baba mdogo akanaswa palepale kwenye kivuko nilichochora. Kahawa ikaenda, baiskeli ikaenda, na yeye akawekwa ndani. Alirudi amekonda.

Mnajua alimshuku nani? Mzee Felesiani, jirani yetu, rafiki yake tangu wakichunga ng'ombe pamoja utotoni. Maana ndiye mtu mwingine pekee aliyeijua njia ile. Mimi hakunihesabu.

Kwetu mgeni akiingia hupewa kahawa ya kutafuna, punje chache kwenye kisahani. Juzi mzee Felesiani alikuja, na wageni wengine walikuwepo. Nikampigia magoti, shikamoo, nikamsogezea kisahani.

"Huyo mruke," baba mdogo akasema. "Sitafuni kahawa na mtu aliyeniuza."

Na mimi nikamruka! Kwa mkono wangu huu! Mzee wa watu alichukua fimbo yake, akanitazama, akasema, "Mwana wange, mwanangu, soma kwa bidii." Akaondoka.

Baba mdogo akazichota punje zilizobaki, akaniwekea kiganjani. "Nimebaki na wewe tu," akasema. Nikazitafuna. Mungu wangu, nikazitafuna zote!

Nyie mnaosoma, msiwaandike watu wenu mkadhani kuficha jina kunatosha. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo. Ukichelewa unakuta mwingine ameshabeba lawama yako, na wewe umeshazoea kumtazama akiibeba.

Mahafali yangu ni mwezi ujao. Jana baba mdogo aliniagiza niandike majina ya waalikwa, nimeyaandika kwa mwandiko mzuri kabisa. La mzee Felesiani halimo.