Jina la Jalalani

Nimechoka kuandika majina ya watu. Naomba niliseme hilo mapema, maana mtu akisikia nesi anazungumzia majina ya watoto anadhani ni mambo ya vicheko na vitenge vipya. Zaidi ya miaka thelathini nimekaa kwenye meza ile ile ya zahanati yetu huku Iramba, meza yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha tofali, nikiandika majina kwenye kadi za kliniki. Mwakani nastaafu. Mkono wa kulia unaniuma kuanzia kidole gumba mpaka begani, na macho nayo yameshaniaga.

Siku hizi mama anakuja na jina kaliandika kwenye simu. Hasemi, ananionyesha tu. "Nesi, nakili kama lilivyo." Nanakili. Brayani ina y mbili na mwisho wake n mbili. Jenifa ina p na h, halafu mama mwenyewe anamwita Jeni. Nimeandika Prinsesi. Nimeandika akina Glori watano kwa mwezi mmoja na hakuna aliyefanana herufi na mwenzake. Nikiuliza maana yake nini, naambiwa, "Ni zuri tu, nesi." Haya. Mimi nani nibishane? Nyuma yake kuna foleni ya wanawake ishirini, watoto wanalia, mizani inaning'inia kwenye boriti na anayepimwa kaikojolea.

Lakini nisiwasingizie vijana. Mwanzo wa mambo haya ni sisi, na kwa kijiji hiki mwanzo wake ni mimi.

Nilipoanza kazi nilikuwa na kiburi cha sare nyeupe. Akina mama walikuja na majina ya nyumbani, ya Kinyiramba. Huyu maana yake kazaliwa mvua ikinyesha, yule kazaliwa mama yake akiwa njiani kutoka mnadani, yule mwingine ni wa mwaka wa njaa. Nikawa nawakatalia. "Hili si jina la kwenye kadi. Shuleni watamcheka. Lete jingine." Na mwanamke katembea kwa miguu kutoka upande wa Ulemo, mtoto mgongoni, hilo jingine atalitoa wapi? Ananitazama weee, mwisho anasema, "Basi nesi, andika la kwako." Nami naandika. Nilichukua majina kwenye kalenda ya ukutani, kwenye redio, kwa wasichana niliosoma nao chuo. Wapo watu wazima hapa kijijini, wana watoto wao, wanaitwa majina ya rafiki zangu wa bwenini na hawajui. Wakinisalimia shikamoo mama, naona haya hata kuitikia marahaba.

Jina nililolikataa kuliko yote ni la mama yangu mzazi. Lenyewe silitaji hapa, nimeshachezea majina ya watu vya kutosha. Kwa Kiswahili ungesema Jalala, pale nyuma ya nyumba panapotupwa majivu, maganda na ufagio uliokwisha. Bibi yangu alizika watoto wanne, mmoja baada ya mwingine. Alipomzaa wa tano hakuonyesha furaha kwa mtu. Alimbeba, akaenda kumlaza juu ya jalala, akarudi ndani. Jirani aliyekuwa ameshaambiwa akajifanya anapita na safari zake, akamwokota, akaja naye mlangoni. "Nimeokota takataka hapo nyuma, unazitaka?" Bibi akajibu, "Kama ni takataka, nipe." Ndivyo mama alivyoitwa, ili kifo kikija kutafuta watoto kione hapa pana uchafu tu, kiende zake. Kikaenda. Mama sasa ana miaka themanini na kitu.

Kwetu jina la bibi hurudi kwa mjukuu. Anayelipokea ni wajina wake, na wajina hahesabiwi na wajukuu wengine. Huyo ni mwenzako. Unamtania, unagombania naye kigoda, unamwachia ukoko. Mama alikuwa anamngoja wa kwake. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wa kike, alikuja na kuku wawili na kibuyu cha maziwa, kajipaka mafuta mpaka miguuni. Nikamwambia, "Mama, mwanangu siwezi kumwita takataka." Nilisema hivyo hivyo, mbele ya mawifi zangu. Alikunja kanga yake vizuri, akasema, "Sawa, mwanangu," na hakuuliza tena miaka yote hii. Kaka zangu wakafuata njia yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Wajukuu kumi na mmoja, wote majina mazuri ya kwenye kadi, wajina hata mmoja hana.

Mwaka jana nguvu zikamwishia. Tukamhamishia kwangu, hapa Kinampanda, nikampa chumba cha ndani kisicho na upepo. Kila mtu anamwita bibi. Mchungaji anamwita bibi, muuza maziwa anamwita bibi, hata wazee wenzake wachache waliobaki wanamwita bibi. Waliokuwa wakimwita kwa jina lake wote tumewazika. Asubuhi moja nampaka mafuta miguuni, akauliza, tena kwa upole tu, "Hivi jina langu kuna mtu bado analikumbuka?" Nikasema nalikumbuka mimi. Akasema, "Wewe hujawahi kuliita." Jamani. Niliendelea kupaka mafuta mguu ule ule mpaka akaniambia umetosha.

Jina lililokosa mjukuu lingeweza bado kumpata kitukuu, na kati ya wajukuu wote binti yangu wa mwisho ndiye aliyekuwa amebaki kuzaa. Ameolewa Singida mjini, na ujauzito ulipokuwa mkubwa akaja nyumbani kujifungulia, nikajua hii ndiyo nafasi iliyobaki na hakuna nyingine. Mama alikuwa anakula uji vijiko vitatu kwa siku. Nimeshawaona wagonjwa wa namna hiyo, sikuhitaji daktari wa kunieleza.

Tulikuwa tunachambua maharage nilipomwomba. Kwanza alicheka, akidhani ni utani. Alipoona sicheki akaweka ungo chini.

"Mama, si wewe uliyesema mtoto haitwi takataka? Tumekua tukisimuliwa hilo na mashangazi."

"Nilikosea."

"Ulikosea saa hizi, zamu yangu imefika?"

Jina alikuwa nalo tayari. Alichukua kichwa cha jina la mumewe na mkia wa jina lake, akaviunga, akatia y katikati na x ambayo haitamkwi. Alilitafuta kwenye simu akakuta halipo kwa mtu mwingine yeyote duniani. Nikamuuliza maana yake. "Halina maana, mama, na ndiyo raha yake. Mwanangu habebi mzigo wa mtu." Nikarudi kwenye maharage. Nilikuwa nimechoka, halafu nilikuwa na makosa.

Akajifungua pale pale zahanati, mtoto wa kike, salama kabisa. Kadi niliandika mimi. Sitaficha, kalamu iliniwasha. Mwenyewe kalala hoi, kadi iko mbele yangu, na kwa wanawake wangapi nilishaandika la kwangu bila hata kuwauliza mara mbili? Nilikaa na ile kadi mpaka mwenzangu akauliza kama naumwa. Kisha nikaliandika jina la binti yangu kama alivyolitaka, herufi kwa herufi, na x yake.

Nikaenda kumpa mama habari. "Wamemwitaje?" akauliza. Nikamtamkia. Akajaribu kulifuata, ulimi ukakwama, akajaribu tena, akacheka kwa ufizi. "Lo! Hilo jina lina mlima." Tulipomletea mtoto siku ya pili alimshika mkono, akasema ana vidole vya mama yake, yaani vya yule bibi yangu wa watoto wanne. Halafu akageukia ukutani. Nilitoka nikaenda jikoni kulia, wala moto haukuwa umewashwa kwamba nitasingizia moshi.

Sasa nisiwaweke roho juu: mtoto alipona. Lakini wiki ya tatu, saa nane ya mchana, alichemka homa. Akakataa ziwa. Alikuwa hata halii, analegea tu mikononi, na mimi kwa kazi yangu najua mtoto wa umri ule akilegea hakuna kungoja kesho, ni hospitali, Kiomboi, sasa hivi. Nikampigia jirani mwenye gari. Alikuwa kapeleka alizeti mashineni. "Nusu saa, mama, nakuja." Nikajaza chupa ya chai, nikaweka kadi na kanga kwenye mfuko, nikavitoa, nikaviweka tena. Nusu saa ile sitaisahau mpaka nakufa.

Binti yangu alikuwa anazunguka sebuleni na mtoto kifuani. Alimwita kwa jina lake, lile refu la pekee duniani. Akamwita tena. Mtoto hakufumbua macho. Mara akasimama katikati ya chumba, akaangalia mlangoni, nami nikaangalia, hapakuwa na mtu. Akaanza kusema kwa Kinyiramba, lugha ambayo sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiisema, na kwa sauti ya juu, sauti ya kumwambia mtu aliyesimama nje:

"Huyu ni takataka tu. Nimemwokota jalalani. Hana kitu huyu, piteni."

Mimi sikumfundisha maneno yale. Wala sikujua kwamba hadithi ile ilikuwa imemkaa hivyo. Niliogopa kuliko nilivyoiogopa homa yenyewe, maana nilijua bibi yangu alisimama hivyo hivyo, na mtu hasimami hivyo mpaka ameishiwa kabisa. Kisha akaliita jina la mama yangu. Aliliita mara tatu, kwa nguvu, anavyoitwa mtoto aliyekwenda kucheza mbali na jua linazama.

Kutoka chumba cha ndani tukasikia, "Abee!"

Sauti kamili. Miezi ilikuwa imepita mama hajatoa sauti ya namna ile. Kitanda kikalia, akajaribu kuinuka.

"Abee! Nani ananiita?"

Binti yangu alinitazama, machozi yamefika kidevuni. Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa bibi yake, akasukuma pazia kwa bega, mtoto bado kifuani.

"Si wewe, bibi," akamwambia. "Namwita wajina wako."