Mabomba ya Ukungu

Namshukuru Mungu aliyenijalia karama ya kutunga, na zaidi kwa kunivumilia ninapoitumia vibaya.

Miaka ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mzee wa kanisa na mtunza maktaba ya kijiji chetu, juu ya Lushoto. Nilipenda kutunga hadithi za miaka ijayo. Moja ilieleza jinsi serikali ilivyoukinga ukungu wetu kwa mabomba na kuuteremsha hadi Mnazi, kule bondeni kwenye ukame, ukawa mvua.

Bi Zaina, mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima, aliniomba kitabu kizuri. Kwa majivuno nikaviacha vya kabatini, nikampa daftari langu lisilo na jina.

“Aliyeandika anaaminika?” akauliza.

“Sana,” nikajibu. Neno hilo bado linanitia haya.

Kwenye mkutano wa kijiji, katibu kata alipokaribisha maswali, Bi Zaina alisimama.

“Mwanangu, mabomba ya ukungu yatafika Mnazi lini? Shamba langu liko huko. Msimu huu sikupanda maharage, nasubiri hayo mabomba.”

“Mabomba gani, mama?”

Akainua daftari. “Yameandikwa humu. Mwalimu anamjua mwandishi.”

Watu wote wakanigeukia. Nikavua kofia.

“Ni hadithi tu, mama. Niliitunga mimi.”

Hakukasirika. “Mvua zimeshapita. Wajukuu wangu watakula nini?”

“Watakula maharage yangu,” nikasema.

Akanitazama kwa makini. “Ya shambani, mwalimu, au ya daftarini?”