Mkono Wangu Mrefu na Nyumba ya Shangazi

Alhamisi, siku ya nne ya Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Asubuhi upepo wa vumbi, mchana mawingu mazito upande wa mto Lualaba na ngurumo za mbali, lakini mvua bado.

Leo nimeaibika mbele ya mji mzima wa Kasongo (niseme nusu ya mji, maana watu wa sokoni walifika jioni, wakasimuliwa tu), na ninaandika viganja vimejaa malengelenge, kwa hiyo herufi zikipinda mnisamehe. Sijui kama nitaeleza sawasawa. Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani, na chuoni kwenyewe sikumaliza. Lakini nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata mzungu wa boma.

Kwanza mjue kwamba sokoni mimi nina jina, na jina hilo nimelipata kwa mkono wangu wa kulia. Sisi nguo tunapima kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, na Mungu amenipa mkono mrefu kuliko wa watu wengi. Basi mtu akitaka kununua nguo ya merikani huja kuniita, "Salumu, twende ukanipimie," na muuza nguo akiniona tu anaanza kulalamika. Tena iko desturi yetu, kila mkono mmoja ukiisha unaweka kitanga cha mkono wa pili mbele ya kidole, ndipo mkono unaofuata unaanzia ng'ambo ya kitanga, na hicho kitanga hakihesabiwi, ni baraka ya mnunuzi. Nimefanya hivyo miaka mingi hata sijui tena kama ninafanya.

Sasa, Shangazi Mwavita, aliyenilea, hana nyumba tangu mji ulipoungua katika vita. Analala barazani kwa watu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na watu ni wema, sisemi vibaya, lakini baraza ya watu ni ya watu. Boma lilipoanza kugawa viwanja kwenye njia mpya, naye akapewa kimoja, alilia. Akasema, mwaka huu maulidi yatasomwa kwangu, na mvua za kwanza zinikute ndani. Nami nikasema nitamjengea.

Mzungu (tunamwita Bwana Kamba, kwa kuwa hatembei bila kamba ya kupimia) alipiga kigingi cha nyuma tu, akasema kutoka hapo kwenda mbele ni mita kumi, mbele ya hapo ni njia, na njia haijengwi. Alisema wazi, tulisikia wote. Na Kalonda, askari wake, alinifuata na fimbo ya mita mkononi.

"Ndugu, chukua hii fimbo upimie, utanirudishia jioni."

Hapo ndipo ilipoanzia. Ningesema ahsante, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini watu walikuwa wanatazama, na mimi mpimaji wa mji niazimwe fimbo? Nikajipiga mkononi, nikasema, "Fimbo yangu iko hapa, nimezaliwa nayo."

Watu wakacheka, nikafurahi.

Hesabu niliifanya vizuri, naapa. Wachukuzi wa nguo walikwisha kuniambia mita moja ni mikono miwili na vidole vinne, kwa hiyo mita kumi ni mikono ishirini na vidole arobaini, na vile vidole nikavifanya mikono miwili kamili, jumla ishirini na miwili. Nikapiga magoti kwenye vumbi, nikapima. Jirani yetu Baba Sumaili akaona, akasema, "Na mimi, mwanangu, unipimie ua wangu," nikampimia. Ua wake ukanyooka sawasawa na ukuta wa nyumba yetu, ndiyo maana hakuna aliyeshuku kitu.

Leo ilikuwa siku ya kuezeka. Miti imesimama, fito zimefungwa, upande wa nyuma umekwisha kupata nyasi, wanawake wanaleta mizigo mingine huku wanaimba, nami niko juu ya paa, ninaamrisha. Akaja Bwana Kamba na Kalonda. Akasimama mbele ya mlango, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Hii nyumba iko mu njia," akasema.

Mtu mwenye akili angeshuka taratibu. Mimi nilijibu kutoka juu, kwa sauti, kila mtu asikie, "Kamba yako imelegea, Bwana! Hapa amepima Salumu!" Na nikawaita watu waje washuhudie. Niliwaita mimi mwenyewe, sikusukumwa na mtu.

Walipima kwa kamba. Wakapima tena kwa fimbo. Mara zote mbili mita kumi zikaishia ndani ya nyumba, mahali Shangazi alipotaka kuweka kitanda, na chumba chote cha mbele kikawa njiani. Nikashuka. Kalonda akanipa nafasi (si mtu mbaya, nasema kweli), akaniambia, "Pima mbele yetu, vile ulivyopima siku ile."

Nikapiga magoti, nikaweka kiwiko kwenye kigingi, nikanyoosha mkono, nikaweka kitanga.

"Simama hapo!" akasema Kalonda. "Hicho kitanga ni cha nini?"

"Ni... ni baraka."

"Baraka ya nani?"

"Ya mnunuzi."

"Na hapa mnunuzi ni nani?"

Mwanamke mmoja akatua mzigo wake wa nyasi akasema, "Mnunuzi ni nyumba, imejinunulia njia!" na watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Halafu Kalonda akalaza mkono wangu kando ya fimbo, kila mtu akaona mita haikutimiza mikono miwili yangu, sembuse na vile vidole. Yaani mkono ule nilioringia sokoni ulikuwa umeongeza, na kitanga kimeongeza juu yake.

Baba Sumaili ndipo akakumbuka. "Weye Salumu! Na ua wangu je?"

"Baba, na ua wako pia."

"Ee Mungu! Mutu mumoja, aibu mbili!"

Bwana Kamba hakucheka wala hakutukana. Alisema tu, kesho tarumbeta ikilia njia iwe wazi, na kama mti mmoja utabaki, askari watavunja nyumba yote mpaka kigingi. Akaenda zake. Sikuweza kumtazama Shangazi. Nilifikiri, nimempa nyumba nami nimemnyang'anya, na mvua ile kule inanguruma.

Shangazi mwenyewe akaja akaniinua kwa kiwiko kile kile. "Salumu baba, hata ikiwa fupi kama sanduku nitaingia. Kwani nina watu wangapi? Ng'oeni huo ukuta muulete huku."

Basi tukang'oa. Miti ya mbele tuliichimbua, tukakata fito, tukapunguza mti wa mgongo wa paa, tukachimba mashimo mapya ndani ya alama ya fimbo. Nilichimba yote mimi, sikukubali kupokewa. Baba Sumaili aliacha ua wake vile ulivyo, akashika mti wa mlango pamoja nami, huku ananinong'oneza matusi mazuri mazuri ambayo sitayaandika, na jua lilipozama tukahamia kwake kuurudisha ua, na Kalonda mwenyewe akavua koti akashika jembe. Fimbo yake tuliitumia kila shimo. Jambo moja nimelitambua, wala sijui kama ni la maana: ile fimbo haijui kama wewe ni mnunuzi au muuzaji. Nguo nitaendelea kuzipima kwa mkono, maana wanunuzi wangu wana haki yao ya baraka. Lakini ardhi ya watu, naapa, sitaiwekea kiwiko tena maisha yangu, na kesho nitachonga fimbo yangu sawa na ya Kalonda, yeye akiwa amesimama hapo.

Upande wa mbele hauna nyasi bado, tutaezeka kesho. Tulimwambia Shangazi alale kwa watu usiku mmoja tu, akakataa. Akaweka mafiga chini ya lile paa la nyuma, moshi wake wa kwanza ukatujaza macho machozi, tukala humo humo, mimi na Baba Sumaili na Kalonda na yeye: ugali wa muhogo, sombe la majani ya muhogo lenye mafuta mengi ya mawese, na samaki mmoja mkavu wa Nyangwe, ambaye Shangazi alimkata vipande kisha akaniwekea mimi kichwa, fungu la mwenye heshima.