Kisigino Kilichonitoa Kwenye Safu

Tangu mke wangu alipofariki, watu pekee walionigusa ni wa kulia na kushoto kwangu msikitini, hapa Kwamsisi. Imamu akisema tuzibe mianya, bega hugusa bega, unyayo hugusa unyayo. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa naisubiri swala kwa ajili ya hilo pia. Wangesema mzee amechanganyikiwa.

Kisha kisigino cha kulia kikaniasi. Hatua ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kama kukanyaga ncha ya mkonge, na kwenye tahiyatu, pale unapokunja vidole vya mguu, nilitamani kupiga kelele mbele ya Mungu. Wakaniletea kiti cha plastiki, wakakiweka nyuma, peke yake. Walikileta kwa heshima, nami nikakichukia kuliko maradhi yenyewe. Na mgonjwa wa kisigino hatembelewi. Watu wanakuona unachechemea kwenda dukani, wanasema huo ni uzee tu.

Hospitali ya Handeni mjini wakanielekeza Korogwe, kwenye kliniki yenye mashine ya mawimbi ya kutibu maumivu. Nikalala kifudifudi, binti mtaalamu akanipaka jeli ya baridi, akashika kidude chenye mpini, kikaanza kunigonga kisigino ta-ta-ta-ta.

"Mzee, panauma hapa?"

"Salama tu, mwanangu."

"Na hapa?"

"Tunamshukuru Mungu."

Nilikuwa nimeuma meno mpaka taya zikafa ganzi. Nikarudi kwangu vilevile, nikiilaani mashine njia nzima.

Safari ya pili, nilipojibu vilevile, aliizima mashine. "Mzee, salamu tumeshamaliza. Sasa nauliza maumivu. Usiponionyesha, nagonga pasipo na ugonjwa. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Nilikasirika. Mtoto wa juzi ananifundisha kujibu! Lakini alipokandamiza kidole gumba penyewe, nikasikia sauti yangu ikitoka: "Hapo! Hapo hapo, binti, unaniua!"

"Ehee, ahsante mzee," akasema, akaiwasha. Nikalia waziwazi, na sikulilia kisigino peke yake.

Mashine haikufanya muujiza. Nilirudi kwa wiki kadhaa, na kila asubuhi nikauvuta unyayo kwa kanga ya marehemu, nimekaa kitandani, kama binti alivyonielekeza. Maumivu yakapungua kidogo kidogo.

Ijumaa moja nikakipita kile kiti, nikasimama mwisho wa safu.

"Mzee, kiti chako kipo pale," jirani akaninong'oneza.

"Nakiona," nikamjibu, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Akasogea pembeni, akaniachia nafasi kubwa, kama anayempisha mgonjwa. Imamu akasisitiza tuzibe mianya. Jirani akabaki palepale, kwa kunihurumia. Nilijua nikinyamaza nitaswali peke yangu katikati ya watu.

Nikausogeza mguu wangu mwenyewe, ule mbovu, mpaka ukagusa wake. Hakuuondoa.