Ramazani, furu yako imerudi nyumbani

Niko na myaka makumi saba na tisa. Nimeishi kupita fabriki ya pamba, kupita treni iliyokuwa inatoka Kabalo kila juma, kupita majina ya hii inchi na pesa ambazo leo hata watoto hawachezei. Sikuzania nitaishi kupita Ramazani, kijana wa myaka makumi sita. Kichwa kinakataa.

Ninyi munaosoma hapa na hamukumujua: alikuwa muchomeleaji wa vyuma hapa Kalemie, jirani yangu, ukuta wake ni ukuta wangu. Nani alimufundisha kuchomelea? Mi.

Njo yeye alitengeneza furu, tanuru ya kukaushia ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa moshi. Mapipa mawili ya mazuti, nyavu tano za chuma, bomba refu. Wakati wa mvua, ndakala ukianika kwa muchanga zinaoza mbele ya saa sita. Ndani ya furu ya Ramazani haikuoza hata moja.

Ilikaa pembeni ya mulango wake, wamama wa ziwa wanaingia kwa zamu. Hakuna aliyelipa. Kila mama akitoa samaki yake, anaacha sahani moja mulangoni. Ramazani hakununua mboga myaka yote ile.

Halafu wakafika wale wa concours, mashindano ya watu wenye kutengeneza vitu vipya. Mashati meupe, kadi shingoni, wanalala hoteli. Muntu wanamuita "startup."

Ramazani akaniuliza, "Papa Kalenga, mi njo startup?"

"Wewe ni muzee na mashini ya kuchomelea," nikamuambia. "Lakini wakitoa chakula, kula."

Walimupa dakika tatu ajieleze. Mi dakika tatu haitoshi hata salamu.

Mama mumoja wa jury, miwani juu ya nywele, akamuuliza: "Papa, business model yako ni gani? Client anakulipa namna gani?"

"Ananiachia sahani."

"Sahani ya nini?"

"Ya ndakala, mama. Kwenu hamukulaka samaki?"

Watu wa sale nzima wakacheka. Wakaandika kwa kartasi kwamba Papa huyu hana mupango. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikahesabu mipango yote iliyosomwa ile siku: uliokuwa unalisha watu ulikuwa mumoja, ule wa sahani.

Wakamupa wa kwanza hata hivyo. Zawadi yake: attestation, kartasi ya sifa, na kusindikizwa na washauri wao myezi sita. Akasaini kartasi ya Kifaransa, kurasa ine.

Furu ikabebwa mpaka biro yao, iwe ya kuonyesha wageni. Wakaipaka rangi ya buluu ya kung'aa, inje na ndani, ipendeze kwa foto. Ndani, mufahamu. Muntu amesoma universite, anapaka rangi ya mafuta ndani ya kitu cha chakula. Bomba wakalikata, maana halikupita mulangoni.

Mvua ikaanza. Wamama wakaanika kwa muchanga, wakatupa.

Mama Zaina, muke wake, akamuambia: "Baba Zaina, ulishinda nini? Nionyeshe, nipike."

Kila juma anaenda kule biro kuomba furu yake. Wanamukalisha, wanamupa formation ingine, masomo ya kukaa kwa kiti. "Papa, sasa uko kwa phase ya scaling." Anarudi na kalamu na chupa ya maji. Ametuachia kalamu kumi na moja.

Kwa kitanda cha hospitali, moyo umechoka, akanishika mukono: "Papa Kalenga, furu irudi mbele ya mvua kuisha." Nikasema, "Itarudi. Mi njo nimesema."

Tulimuzika Jumanne. Wao walimusindikiza myezi sita wakikaa kwa viti. Sisi tulimusindikiza saa moja kwa miguu, na tulimufikisha.

Kesho yake bwana coordinateur akakuja matangani na banderole, kitambaa kirefu cha maandishi. Sura ya Ramazani iko pale, na alama ya kampuni yao imezidi sura.

"Papa, tunaomba kusema neno moja juu ya kazi yake."

"Lile neno liko biro kwako," nikamujibu. "Mumelipaka buluu."

Akasema kuna contrat, ile kartasi ya Kifaransa, Ramazani alisaini kwamba furu itabaki kwao.

Hapo nikasimama. Kwa sababu Ramazani hakujua Kifaransa, aliniletea zile kurasa ine mi nimusomee. Na mi nilisoma mpaka darasa la tatu primaire tu. Niliangalia mistari, nikatikisa kichwa kama mukubwa, nikasema: "Saini, iko muzuri." Sikufahamu kitu. Nilitaka nisimame pembeni yake kwa foto.

Nilisema vile mbele ya watu wote, Mama Zaina akisikia.

Hakuniangalia. Yeye eda inamukataza kutoka. Akasema tu kwa wamama: "Nendeni muilete."

Wakaenda na vitenge vya kilio, mi mbele na pusipusi, kigari cha kusukuma. Mulinzi wa biro akafungua lango yeye mwenyewe. Mama yake ni wa zamu ya Alhamisi kwa furu.

Nilikwangua ile rangi siku mbili, na burosi ya chuma, mikono hii ya myaka makumi saba na tisa. Nikachomelea bomba lingine. Anayesema lile chomeo ni baya, aje alivute.

Leo asubuhi moshi ulitoka. Wamama wakatoa ndakala, kila mumoja akaacha sahani mulangoni kwako, Ramazani. Sahani zilifika mpaka barabarani.

Moja Mama Zaina aliipitisha juu ya ukuta, kwangu. Nimekula yote, mpaka vichwa.

Basi funga macho, Ramazani. Furu inawaka.

Na anayefikiri ninadanganya, amuulize Mama Zaina. Amuulize mulinzi wa ile biro. Kama hawatoshi, apite mbele ya ule mulango mvua ikinyesha, anuse.