Sauti ya Getini

Afande hakuwa polisi wala mwanajeshi. Alikuwa mlinzi wa zamu ya mchana kwenye geti la ghala la vifaa vya ujenzi, na jina hilo alipewa na madereva wa malori waliotaka kumlainisha. Hawakufanikiwa. Alilizunguka kila lori na kioo chake chenye mpini mrefu, akachungulia chini ya chasisi kama daktari wa meno, akasoma kibali, akamtazama dereva usoni, kisha akasoma kibali upya. Jioni aliwapekua wapagazi wakitoka. Akishamaliza, aligeuza mifuko ya suruali yake mwenyewe mbele ya mwenzake wa zamu ya pili, ingawa hakuna aliyewahi kumtaka afanye hivyo.

Pale getini alikuwa na sauti nzito iliyotoka chini tumboni, na magari yalisimama. Akirudi nyumbani aliiacha kazini pamoja na kirungu. Mbele ya mkewe aliongea polepole, nusu kwa kunong'ona, na mkewe alimtania siku zote.

"Wewe ukiomba chumvi utadhani unaomba radhi," alisema. "Hao madereva wanakuogopea nini?"

Mkewe alikuwa fundi wa nguo hadi presha ya macho ilipomwingia. Giza lilimjia kidogo kidogo, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka siku moja akauliza kwa nini watu wamekaa bila kuwasha taa, na ilikuwa saa sita mchana. Tangu hapo alizisikiliza filamu kwenye runinga badala ya kuziangalia. Nyumba za jirani zilijaa filamu za kwenye flashi, zile ambazo mtafsiri anapiga kelele juu ya waigizaji akieleza nani kamkimbiza nani. Mke wa Afande alizipenda, kwa sababu mtafsiri alikuwa macho yake. Lakini alizisikilizia kwa majirani. Nyumbani kwake flashi haikuingia.

"Mali ya wizi haivuki mlango huu," Afande alisema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. "Nashinda juani nikizuia misumari ya watu isiibwe, halafu nije nilale na filamu ya watu?"

Basi ikatokea kwamba watu wa filamu kutoka ng'ambo wakaja kupiga picha pale ghalani. Walileta taa, nyaya, miavuli na mabishano mengi. Steringi, yaani shujaa wa filamu, alitakiwa afike getini na gari, azuiwe, kisha alazimishe kuingia. Kijana waliyemleta aigize mlinzi alisimama kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Mwongozaji akachoka, akamwonyesha Afande kidole: huyu hapa. Kupitia mkalimani, Afande aliambiwa aseme kile anachosema kila siku.

Gari likaja. Afande akanyoosha mkono.

"Simama hapo! Hapa haingii mtu bila kibali."

Inasemekana steringi alikanyaga breki kabla hajaambiwa. Mwongozaji alipiga makofi, na Afande akarudi kwenye kiti chake. Alikuwa ameingia kwenye filamu kwa muda wa kufungua soda na kuifunga.

Mkewe aliposimuliwa, alicheka sana. "Uso wako naukumbuka," alisema. "Lakini sauti hiyo ya getini sijawahi kuisikia. Hiyo filamu ikitoka nataka kuisikia."

Hakumwomba mumewe jambo lingine mwaka ule.

Filamu ilipotoka, Afande alifanya mambo kama yanavyotakiwa. Binti yao, aliyefanya kazi kwenye duka la dawa na kuwa na kadi ya benki, aliwaandikisha kwenye ile huduma ya kulipia ya mtandaoni iliyoinunua filamu. Akalipa, akaunganisha simu na runinga, akaandika jina la filamu. Picha ya steringi ikajitokeza, na chini yake maneno: haipatikani katika eneo lako.

"Eneo lipi?" Afande akauliza.

"Hili letu, baba."

"Si ndiyo iliyopigwa hapa?"

Binti akapiga simu huduma kwa wateja, akaweka spika. Dada wa upande wa pili alikuwa na adabu isiyochakaa. Akaeleza kwamba haki za kuonyesha filamu hiyo hazijanunuliwa kwa eneo lao.

"Dada, mimi nimo humo ndani," Afande akasema.

"Ndani ya nini, mzee?"

"Ndani ya filamu."

"Hongera sana, mzee. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Mkewe, aliyekuwa akisikiliza kutoka kitandani, alicheka hadi akashika mbavu. "Leo umekutana na mlinzi mwenzio," alisema. "Tena huyo mkali kukushinda. Wewe mtu akiwa na kibali unamfungulia."

Wapo watu wanaokaa kwenye kumbi zenye viyoyozi wakijiuliza kwa nini filamu zinaibwa. Wengine wanasema ni bei, wengine wanasema ni tabia. Hawajamwona mtu aliyesimama dukani na pesa mkononi, mwaminifu kuliko mwenye duka, akiambiwa kwamba mtaa wake hauuziwi. Binti alisubiri, akajaribu mwezi uliofuata, na ule mwingine. Maneno yalikuwa yale yale. Mama yake hakuulizia tena, na hilo ndilo lililomkaa Afande rohoni.

Siku moja baada ya zamu, alivua kofia ya kazi, akaikunja, akaiweka mfukoni, akaingia kwa Mdomo.

Mdomo alikuwa na duka la kuuza filamu za flashi, na ndiye aliyezitafsiri mwenyewe, kwenye chumba cha nyuma alichokizungushia magodoro na trei za mayai ili kelele za barabarani zisiingie. Alipomwona Afande alinyoosha mikono juu.

"Nisamehe, Afande! Umekuja kukamata au kununua?"

"Acha utani. Ile filamu ya ghalani unayo?"

"Ipo! Moto wa kuotea mbali! Nimeitafsiri mwenyewe, wiki hii hainunuliki nyingine."

Afande akapewa flashi. Aliiweka ndani ya soksi, na njia nzima alitembea kama mtu mwenye kijiwe kiatuni.

Wakakaa watatu mbele ya runinga. Mdomo alianza kunguruma tangu herufi za kwanza: steringi anatafuta ndugu yake, steringi hana mchezo, muangalieni steringi. Mke wa Afande alitikisa kichwa kwa furaha. Binti akanong'ona, "Mama, geti hilo hapo. Baba huyo."

Afande wa kwenye runinga akanyoosha mkono, akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya Mdomo:

"Hapa mlinzi anamwambia steringi, 'Bosi wangu, toa chochote basi nikufungulie, watoto hawajala!'"

Gari likapita. Ikaja picha nyingine.

"Huyo ni Mdomo," mke akasema.

"Amenifunika."

"Kwani uliomba chochote?"

"Sikuomba!"

"Kweli, mama," binti akasema. "Mdomo wa baba unasema kitu kingine."

"Mimi mdomo siuoni, mwanangu," mama akajibu. Akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akalipata goti la mumewe, akaliacha hapo.

Kesho yake lori la kwanza lilipofika getini, dereva aliteremsha kioo. "Afande, toa chochote basi!" Wa pili akasema watoto hawajala. Wapagazi walipopanga foleni ya kupekuliwa jioni walikuwa wameshayageuza maneno hayo kuwa wimbo. Afande alipekua kama kawaida na kugeuza mifuko yake kama kawaida, na safari hii mwenzake wa zamu ya pili alitabasamu. Moja kwa moja akaenda kwa Mdomo, kofia kichwani.

"Umeniombea rushwa mji mzima," alisema.

"Afande, kile ni kichekesho tu! Watu wanapenda. Si unajua walinzi wote—"

"Wote nani?"

Mdomo akaanza kuzipanga upya flashi za mezani.

"Wewe ulisikia nikisema nini pale?"

Mdomo akakuna shingo. Akaeleza kwamba akitafsiri huwa anapunguza sauti ya filamu mpaka chini, isimchanganye, na kile ambacho hakielewi anakijaza kwa kuangalia nyuso. Alimwona mlinzi, akaona geti, akamalizia mwenyewe.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea Kiswahili, wewe ukanitafsiri kwa Kiswahili."

Mdomo akainuka bila kutia utani. Hilo halikuwa la kawaida kwake.

Wakaingia chumba cha nyuma. Mdomo aliitafuta filamu yenyewe, ile isiyo na maneno yake, akavaa hedifoni, akapandisha sauti. Alisikiliza mara moja, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kisha akazivua na kuziweka mezani taratibu.

"Mzee wangu," alisema, "sauti hii mimi niliifunika?"

"Si kwa ajili yangu," Afande akasema, na sasa alikuwa amerudi kwenye sauti ya nyumbani. "Ni mke wangu. Haoni. Anataka kuisikia."

Mdomo aliivuta kompyuta karibu. Alikata maneno yake yote ya pale getini, akaacha pengo.

Safari hii flashi ilibebwa mkononi. Mke wa Afande alikaa wima kitini kama mgeni. Mdomo akanguruma, akapayuka, akamsifu steringi, halafu ghafla akanyamaza. Injini ya gari ikasikika. Breki.

"Simama hapo! Hapa haingii mtu bila kibali."

Mkewe alishtuka, mabega yakapanda. Hakucheka. Alibaki ameinamisha kichwa upande mmoja huku Mdomo akirudi na kelele zake, na filamu ikaendelea bila yeye.

"Rudisha," akamwambia binti yake.

Binti akarudisha. Mama alipotosheka alimgeukia mumewe. "Ningekuwa kwenye gari hilo," alisema, "ningerudi nilikotoka."

Zile nakala za kwanza hazikuweza kukusanywa. Mpaka leo wapo madereva wanaoomba chochote pale getini, na Afande anawazungushia kioo chake bila haraka. Huduma ile ya kulipia binti aliisitisha, na filamu bado haipatikani katika eneo lao. Kwa Mdomo inauzwa nakala ya pili. Wapo wateja wanaoirudisha wakilalamika kwamba ina hitilafu, pale getini mtafsiri anapotea. Siku moja Afande alimkuta mmoja wao dukani, amekasirika, flashi mkononi.

"Haina hitilafu," Afande alimwambia. "Sikiliza vizuri. Kuna mtu anaongea."